Kifaru cha kuchezea na shaba yetu iliyokwenda vitani

 

Juma lililopita nilikaribishwa katika nyumba moja ya komine ya Ruashi. Wanaishi humo familia mbili: wenyeji, na jamaa zao waliotoka Kivu ya Kusini kwa sababu ya vita. Mlangoni alikaa mtoto wa miaka tisa, ameshika kitu kidogo cha metali, chenye minyororo ya magurudumu na bunduki ndefu. Mjomba wao aliye Ubelgiji alikituma pamoja na nguo na viatu. Kwenye sanduku lake kuna maandishi: jina la gari, nchi, mwaka wa vita, na kipimo cha 1/72. Jina lake ni Archer, maana yake mpiga mishale.

Mama wa mtoto hakufurahi. Aliniambia: "Ndugu mwandishi, mimi nilitaka kukitupa. Tumekimbia vitu hivi, na sasa vinatufuata mpaka ndani ya nyumba."

Mzee wa nyumba, aliyestaafu kazi ya Gécamines, alinyoosha mkono. "Ngoja, mama. Kilete nikione." Akakipima uzito kwa kiganja, akakwaruza kidogo chini kwa ukucha mahali ambapo rangi ilikuwa imetoka. Akasema: "Hii si plastiki, na si chuma. Hii ni zinki. Nilifanya kazi Kipushi, ninaijua."

Mtoto akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike: "Kambo, juu ya nini bunduki yake inaangalia nyuma?"

Gari linalopiga kwa nyuma

Mtoto aliona vizuri. Archer halikuwa kifaru cha kawaida. Lilikuwa gari la kuvunja vifaru, lililotengenezwa na kampuni ya Vickers ya Uingereza katika Vita ya Pili ya Dunia. Waingereza walikuwa na mzinga mpya wenye nguvu, ulioitwa wa ratili 17 kwa sababu ya uzito wa risasi yake, yaani karibu kilo 7.7. Mzinga huo ulikuwa na uwezo wa kutoboa vifaru vizito vya Wajerumani. Shida ilikuwa urefu wake: mtutu peke yake ulipita mita 4. Gari walilokuwa nalo kwa wingi, kifaru cha Valentine, lilikuwa dogo mno kuubeba kwa kuelekeza mbele.

Basi mafundi waliugeuza. Wakauweka mzinga ukitazama nyuma, juu ya mashine, bila paa la chuma juu ya askari. Askari wanne walilitumia kwa kujificha: walirudi kinyumenyume mpaka mahali pa maficho, wakangoja, wakapiga, kisha dereva akaondoa gari mbio bila kupoteza muda wa kuligeuza. Dereva alikuwa na hatari yake mwenyewe, maana mzinga ulipopiga ulirudi nyuma kwa nguvu kuelekea mahali pake.

Kati ya 1943 na 1945 yalitengenezwa magari 655 ya namna hiyo. Yalianza kutumika Ulaya mwishoni mwa 1944. Baada ya vita mengine yalipewa Misri, na huko yaliingia katika vita ya Suez mwaka 1956. Kwa hiyo hata bara letu la Afrika lililiona Archer la kweli likipiga.

Gari la kweli lilikuwa na urefu wa karibu mita 6.7 na uzito wa tani 15 hivi. Ukigawanya urefu huo mara 72, unapata sentimita 9 na kidogo, ndiyo ile iliyokuwa mkononi mwa mtoto.

Kinavyotengenezwa

Mzee alisema kweli juu ya zinki. Mifano ya namna hii, ya magari, ndege na vifaru, hutengenezwa kwa mchanganyiko wa metali unaoitwa zamak. Jina hilo limetokana na herufi za kwanza za majina ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesiamu na shaba. Mchanganyiko huo ulitengenezwa Marekani mwaka 1929. Karibu sehemu 96 kwa 100 ni zinki na 4 ni aluminiamu. Shaba na magnesiamu ni kidogo tu.

Kazi yake ni hivi. Zamak inayeyuka kwenye joto la chini ya digrii 400, wakati shaba peke yake inadai zaidi ya digrii 1,080. Inasukumwa kwa nguvu ndani ya umbo la chuma kigumu, inaganda mara moja, umbo linafunguliwa, kitu kinatoka kikiwa na kila mstari na kila msumari wake. Umbo moja linatoa maelfu ya vitu vilivyo sawasawa. Ndiyo sababu metali hii ilipendwa na watengenezaji wa vitu vya watoto.

Lakini vita ilipokuja, metali hiyo iliondolewa kwa watoto. Mwaka 1942 serikali ya Uingereza ilikataza viwanda kutengeneza vitu vya kuchezea vya metali. Kiwanda cha Meccano cha Liverpool, kilichotengeneza magari madogo ya Dinky Toys, kiligeuzwa kuwa kiwanda cha kazi za vita. Zinki na shaba zilihitajika kwa jambo lingine. Hapo ndipo hadithi ya gari hili dogo inapofika kwetu.

Shaba na zinki ndani ya mzinga

Risasi ya mzinga ule wa ratili 17 ilikaa ndani ya ganda kubwa la laiton, ile metali ya manjano tunayoijua. Laiton ya maganda ya risasi ni shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Kichwa cha risasi chenyewe kilivaa ukanda wa shaba kiunoni. Shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo ukanda ule unabanwa na mistari iliyo ndani ya mtutu, risasi inazunguka, inakwenda moja kwa moja. Bila shaba na zinki, mzinga mkubwa kama ule ni bomba tu.

Na shaba ya Waingereza na rafiki zao ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka hapa. Wajerumani walivamia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940, na mwisho wa mwezi huo jeshi la Ubelgiji lilikuwa limekwisha kushindwa. Gavana mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo upande wa Uingereza. Januari 1941 yalifanyika makubaliano ya feza na biashara, na metali ya Katanga ikafunguliwa njia ya kwenda vitani. Katika miaka ya kilele Union Minière ilitoa zaidi ya tani 150,000 za shaba kwa mwaka. Ilitoa pia kobalti, iliyotumika katika vyuma vigumu vya kukatia chuma kingine viwandani. Wajapani walipoteka Malaya mwanzoni mwa 1942, bati la Kongo, pamoja na lile la Manono, likawa na thamani kubwa zaidi. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoa uranium iliyoingia katika kazi ya bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Metali ikishayeyushwa haina tena kitambulisho. Hakuna anayeweza kuchukua ganda la risasi na kusema: kipande hiki ni cha Kipushi, hiki ni cha Ruashi. Lakini watu waliochimba walikuwa na majina, na walikuwa na makwao.

Watu waliotoka mbali

Hapa ninawaambia hasa ndugu zetu waliohama. Wengi mnasikia uchungu mkiulizwa mtaani: "Wewe ni mutu wa wapi?" Mjue kwamba mji huu wote umejengwa na watu walioulizwa swali hilo.

Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière ilitafuta wafanyakazi Kasai, Lomami, Maniema, Rodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Rwanda na Burundi. Wengine walikuja kwa hiari wakitafuta mshahara, wengine waliandikishwa kwa nguvu ya chefu na ya mtawala. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliwataka waje na wake zao na kukaa makambini, wapate posho, watoto wao wasome. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu hao wasiozaliwa na lugha moja. Ndicho tunachoongea leo.

Vita ilipoanza, kazi iliongezeka na bei za vitu zilipanda. Kijijini nako hali ilikuwa ngumu: kazi ya lazima, iliyokuwa siku 60 kwa mwaka, iliongezwa mpaka siku 120. Mjini mshahara ulibaki chini.

Tarehe 3 Desemba 1941 mgomo ulianza. Siku iliyofuata wafanyakazi 1,400 walikuwa wameacha kazi. Walidai mshahara wa siku utoke faranga 1.50 ufike faranga 2. Hawakudai kuondoa serikali, hawakushika silaha. Walidai nusu faranga. Huko Jadotville, ndiyo Likasi, askari waliwapiga risasi wagomaji, wakafa watu 15. Tarehe 9 Desemba hapa Elisabethville wafanyakazi walikusanyika katika uwanja wa mpira, na wake zao na watoto walikuwapo. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyo, aliuawa. Kisha askari walifyatua risasi juu ya watu. Hesabu ya waliokufa inafika karibu 70, na katika makambi wazee walisimulia hesabu kubwa kuliko hiyo.

Nilipomaliza kuyasema hayo pale nyumbani, mzee alikaa kimya kidogo. Halafu akasema: "Baba yangu alikuwa mtoto siku ile. Alituambia kwamba mama yake alimfunika kwa kitambaa ili asione. Lakini alisikia."

Yule mama wa Kivu akamtazama mwanawe. Hakusema kitu. Ninyi mliopita katika mambo hayo mnajua kwa nini.

Askari wetu nao

Si metali tu iliyokwenda vitani. Askari wa Force Publique walipelekwa mpaka Ethiopia kupigana na Waitalia. Waliteka Asosa na Gambela Machi 1941, na tarehe 3 Julai 1941 huko Saio jenerali Mwitalia Pietro Gazzera alijitoa mikononi mwa jenerali Auguste Gilliaert. Mji huo leo unaitwa Dembidolo. Wengine walikwenda Nigeria, Misri na Palestina. Waganga na wauguzi wa Kongo walifika mpaka Burma, wakihudumia majeruhi pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo Wakenya, Watanganyika, Waganda na Wanyasa waliamrishwa kwa Kiswahili.

Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha medali Albert Kunyuku, askari wa zamani wa vita ile aliyekuwa na miaka 100. Ni jambo jema. Lakini tuhesabu: miaka 77 ilikuwa imepita tangu vita iishe. Ni wangapi walikufa bila kuulizwa?

Tena tusisahau jambo moja gumu. Waliofyatua risasi uwanjani tarehe 9 Desemba walikuwa askari wa Force Publique hiyo hiyo. Mwaka mmoja, 1941, jeshi moja lilishinda Saio likafanya pia mauaji Elisabethville. Anayesimulia la kwanza bila la pili anasimulia nusu, na anayesimulia la pili bila la kwanza pia.

Sanduku lisilo na maandishi

Rudini sasa kwenye lile sanduku la Archer. Mtengenezaji amejua kila kitu cha gari: aina ya mzinga, mwaka, rangi ya jeshi, mpaka namba iliyoandikwa ubavuni. Kuna watu duniani wanaokusanya mifano hii na kubishana juu ya msumari mmoja kama umekaa mahali pake. Sisemi ni vibaya. Ni heshima kwa historia yao. Swali langu ni hili: sisi tumeandika nini juu ya watu wetu kwa uangalifu wa namna hiyo?

Si kwamba hakuna kitu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1947, alichora miaka ya 1973 na 1974 picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yetu, na mauaji ya wagomaji yamo. Alitumia rangi rahisi na vitambaa vya magunia, akauza picha nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu chetu, umekusanya masimulizi ya wafanyakazi na familia zao, hata vitu vya nyumbani: sahani za kambi, picha za ndoa, vyombo vya kazi.

Lakini kazi haijakwisha, na wazee wanaondoka. Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, na bado mtoto wa Ruashi hajui shaba ile ilikwenda wapi. Kipushi, iliyofunguliwa mwaka 1924, ilifungwa mwaka 1993, na nyumba nyingi zililia njaa. Mwaka 2024 ilianza tena kutoa zinki. Malori yanapita kila siku. Tunayahesabu malori. Je, tunawajua waliokuwa chini ya ardhi kabla ya malori haya?

Ninawaomba wasikilizaji jambo dogo. Kama kambo wako alifanya kazi Union Minière au Gécamines, au alivaa nguo za askari wakati wa vita, chukua karatasi. Andika jina lake, kijiji alichotoka, mwaka aliofika, kazi aliyofanya, kambi aliyokaa, na jambo moja alilopenda kusimulia. Mistari sita inatosha, ni kama ile iliyo kwenye sanduku la Archer. Kama una kitabu chake cha kazi, usikiache kwenye mvua. Na ninyi mliotoka Kivu, Ituri, Tanganyika au Kasai, andikeni pia: mlitoka kijiji gani, siku gani, mlibeba nini, nani alibaki nyuma. Miaka 80 ijayo mtu atauliza.

Kifaru kile hakikutupwa. Nilirudi Ruashi jana jioni kumpelekea mzee picha niliyompiga. Nikamkuta mtoto amefanya kazi ya watoto wa Lubumbashi: amekunja nyuzi za chuma akatengeneza gari-moshi lenye mabehewa matatu, magurudumu ya vifuniko vya chupa. Archer limelazwa kwenye behewa la kati, limefungwa kwa uzi lisianguke. Nikamwuliza linakwenda wapi.

"Lobito," akasema. "Kambo amesema reli ya shaba ilifika huko baharini mwaka 1931. Ninarudisha hiki walikokitoa."

Mama yake, aliyekuwa akichambua lengalenga karibu na mlango, alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akamwambia apitishe reli yake mbali na sufuria.